Pikipiki, wewe peke yako na miji midogo ya pwani: mwongozo kamili wa kufika mwisho bila kukwama

Kisa kinachorudi kila mara ni hiki: mtu katoka na pikipiki nzima kabisa, imetoka gereji juzi tu, anapita pwani mji mmoja baada ya mwingine, siku ya tatu au ya nne cheni inalia, breki ya nyuma inang'ang'ania, swichi ya taa inagoma, mwenyewe kachoka hoi na safari inaishia juu ya gari la mizigo. Analaumu barabara, analaumu pikipiki. Mimi nasema tuangalie jioni zake kwanza.

Pwani inakula pikipiki usiku, wewe umelala na chumvi imelala juu ya vyuma. Mchana inakula wewe, kwa upepo na jua, na hujui kama unaliwa kwa sababu unapigwa na hewa unajiona uko poa. Kwahiyo mwongozo huu wote umesimama kwenye mambo mawili, siku fupi na jioni yenye kazi. Ukivishika hivyo viwili hata pikipiki ya cc 125 inafika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha

Usijidanganye kwamba utavipata mbele. Miji midogo inauza spea za zile pikipiki zinazotumika sana pale pale, yako inaweza isiwemo.

Vya mwili:

- Helmeti ya kufunika uso mzima, inayokaza bila kuuma, na mkanda wake ufungwe kweli kweli. Mapitio ya Cochrane (shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya) ya mwaka 2008 yaliyokusanya tafiti nyingi yalikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kioo chake kiwe cheupe, cheusi kikikukuta giza linaingia huoni kitu.
- Jaketi la mikono mirefu lenye pedi mabegani na viwikoni, glavu, suruali nzito, buti linalofunika kifundo cha mguu.
- Koti la mvua na kitambaa chepesi cha shingo.
- Maji lita 2 hadi 3 na pakiti za chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini. Kama huna pakiti, lita moja ya maji safi weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, sio vya kilima.

Vya pikipiki:

- Spana za saizi za nati zako wewe (zijaribu moja moja nyumbani), plaizi, bisibisi, spana ya plagi na plagi moja mpya.
- Tyubu ya mbele na ya nyuma, leva mbili za kutolea tairi, viraka na gundi, pampu ndogo, geji ya upepo. Kama tairi zako hazina tyubu, beba vifaa vyake vya kuzibia.
- Kiungo cha cheni cha saizi yako, kebo ya klachi, fyuzi, selotepu nyeusi, waya laini, kamba mbili za mpira zilizokatwa kwenye tyubu kuukuu.
- Kipande cha plastiki kigumu au ubao ukubwa wa kiganja, cha kuweka chini ya stendi ya pembeni. Wengi wanakiacha hiki, halafu wanarudi wanakuta pikipiki imelala mchangani.

Vya jioni: chupa kubwa ya plastiki uliyoitoboa matundu kwenye kifuniko, brashi ya meno ya zamani, brashi nyingine kubwa kidogo, matambara, mafuta ya cheni, grisi ya silikoni na mafuta ya kupuliza ya kuzuia kutu. Vyote viingie mfuko mmoja na mfuko huo ukae juu kabisa ya mzigo. Ukiuweka chini ya nguo hutautoa, utasema kesho.

Halafu leseni, kadi ya pikipiki, bima, nakala zake kwenye simu, na hela taslimu ukizigawa sehemu mbili tofauti.

## Hatua ya 1: Panga siku fupi

Watu wanaangalia ramani wanaona km 350 wanasema hiyo ni siku moja. Barabara za pwani haziendi hivyo. Zinakwepa mikoko na midomo ya mito, zinaingia ndani zinarudi, zinakatika kwenye kivuko, na kila mji mdogo una matuta, watoto, mbuzi na mikokoteni.

Weka km 150 hadi 200 kwa siku basi. Chukua km 180 kwa wastani wa km 40 kwa saa, hapo umeshakula saa nne na nusu, ongeza mapumziko na kuuliza njia zinakuwa sita. Ukitoka saa 12 asubuhi unaingia saa 6 mchana, jua kali na upepo mkali vinakukuta umeshavua helmeti. Ndio maana yake yote.

Mafuta yapigie hesabu hivi: tenki lita 11, pikipiki inaenda km 35 kwa lita, jumla km 385. Toa robo kwa ajili ya upepo wa mbele, mchanga na mzigo, unabaki na km 290 hivi. Hiyo ndio namba yako, ile 385 isahau. Na kituo cha mji mdogo kinaweza kukaukiwa, kwahiyo kila ukifika nusu tenki na ukaona pampu inafanya kazi, jaza.

Mtu mmoja nyumbani awe na orodha ya miji utakayolala na saa ya kupokea ujumbe wako, tuseme saa 2 usiku. Mkubaliane kabisa akikosa ujumbe anafanya nini, anapiga nani kwanza, anasubiri mpaka saa ngapi. Ukisema tu "ntakucheki" umemwachia wasiwasi na hana la kufanya nao.

Pakua ramani za kutumika bila mtandao. Na simu usiifunge moja kwa moja kwenye usukani kama ni ya kamera nzuri, Apple wenyewe walitoa onyo mwaka 2021 kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Iweke mfukoni, sikiliza maelekezo au simama uangalie.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi moja, imo miji, umbali, sehemu za mafuta, vivuko na saa za maji kupwa na kujaa.

## Hatua ya 2: Kagua pikipiki wiki moja kabla

Wiki moja, sio jana yake. Ukikagua jana yake ukakuta beringi imekufa utaondoka nayo hivyo hivyo.

Tairi: ubavuni tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri lakini ya zamani sana raba yake imekuwa ngumu, kwenye lami yenye unyevu wa bahari inateleza. Angalia mipasuko midogo pembeni.

Cheni: pikipiki nyingi za barabarani zinataka ichezee mm 25 hadi 35 pale katikati, upande wa chini, ila kuna stika kwenye mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, hiyo ndio ya kufuata. Zungusha tairi upime sehemu kadhaa, tumia pale inapokaza zaidi. Meno ya sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni) yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja, badilisha cheni na sproketi zote pamoja, cheni mpya kwenye sproketi iliyochakaa inaliwa upesi.

Betri: injini imezima na imepumzika isome volti 12.6 hivi, ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya hapo ikiwa inanguruma, haichaji.

Breki, oili, beringi za tairi (inua tairi, lishike juu na chini ulitikise, lisicheze), nati zote za mzigo.

Ukimaliza funga mzigo wako WOTE uendeshe km 100. Jaribio hili linakuonyesha kila kitu, begi linalogusa indiketa, kiti kinachouma, nati inayolegea.

## Hatua ya 3: Zuia chumvi kabla haijaingia

Chumvi peke yake ikiwa kavu haina haraka. Tatizo inavuta maji ya hewani, chumvi ya kawaida inaanza kulowana yenyewe unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 75, na usiku wa pwani kufika hapo ni jambo la kawaida. Kwahiyo ule unga mweupe usiouona mchana unageuka maji ya chumvi usiku, na pale chuma kinapogusana na aluminiamu kazi inaenda haraka zaidi, aluminiamu ndio inaliwa.

Sasa fungua viungio vya nyaya unavyovifikia, vya taa ya mbele, indiketa, swichi ya stendi, ncha za betri. Safisha, paka grisi ya silikoni kidogo, rudisha. Kebo ya klachi na ya mafuta weka oili ndani. Ekseli za tairi paka grisi, siku ya pancha utashukuru.

Spoki, rimu, chini ya injini na boliti zilizo wazi puliza mafuta ya kuzuia kutu kwenye kitambaa kwanza ndio upake. Usipulize moja kwa moja karibu na breki. Diski au padi ikipata mafuta breki inakufa hapo hapo, na utaligundua hilo kwenye kona.

## Hatua ya 4: Funga mzigo

Vizito chini na karibu na katikati ya pikipiki, vyepesi juu. Begi zito nyuma kabisa ya kiti linanyanyua uzito wa mbele, usukani unakuwa mwepesi, upepo wa pembeni unakuyumbisha.

Funga, endesha km 20, simama, kaza tena. Mikanda lazima inalegea mara ya kwanza. Ncha zinazoning'inia zifungwe, mkanda ukiingia kwenye cheni tairi la nyuma linaganda.

Shika begi utikise kwa nguvu: pikipiki nzima ikitikisika pamoja nalo uko sawa, begi likitikisika peke yake rudia.

## Hatua ya 5: Kuendesha kwenye upepo na jua

Asubuhi mapema pwani imetulia. Nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari, ikishapata joto hewa inapanda na ya baharini inaingia kujaza, kwahiyo upepo unaanza kusikika saa 4 au 5 asubuhi na unakolea mchana. Na nguvu yake haiongezeki taratibu, upepo wa km 40 kwa saa unasukuma mara nne ya ule wa km 20.

Upepo wa pembeni ukikupiga, vidole vilegee, viwiko vilegee, bana tenki kwa magoti, iache pikipiki iegemee upepo yenyewe. Ukikaza mikono kila mtikisiko wa mwili wako unaenda kwenye usukani. Hatari kubwa ni pale upepo unapokatika ghafla: nyuma ya jengo, lori linalokuja, mwanzo wa daraja. Ukiona lori upande unaotoka upepo, jua litaukata kwa sekunde moja halafu litakurudishia wote, kwahiyo punguza mwendo, kaa katikati ya njia yako na usikae ukingoni.

Jua sasa. Ngozi yako iko kama nyuzi joto 35, hewa ikizidi hapo ule upepo unaoupenda haukupozi tena, unakupasha moto na unakukausha jasho kabla hujalihisi. Ndio maana nasema usivue jaketi, funga zipu uache tundu dogo, lowesha kitambaa cha shingo. Kunywa kila ukisimama, usisubiri kiu, na simama kila baada ya saa moja hata kama hujachoka.

Dalili za kusimama mara moja: kichwa kinauma, umeacha kutoka jasho, umepita kibao na hukumbuki kimeandikwa nini, umeanza kuingia kona kwa kuchelewa. Hiyo ya kona iamini kuliko zote. Kwa km 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde, akili ikichelewa sekunde moja tu umeshatoka nje ya barabara, na uko peke yako hakuna wa kukuambia umechoka.

## Hatua ya 6: Mchanga

Kuna mchanga wa aina mbili na kila mmoja una kanuni yake.

Wa kwanza ni ule mwembamba juu ya lami, unapeperushwa na upepo unajikusanya kwenye kona na karibu na ufukwe. Huu ndio unaangusha watu. Hauonekani vizuri, lami inabadilika rangi kidogo tu inakuwa kama ina vumbi la kahawia. Punguza mwendo kabla ya kona, maliza breki zote pikipiki ikiwa imesimama wima, ingia bila breki na bila kuvuta mafuta ghafla. Na karibu na bandari au magati ya wavuvi ongeza maji ya samaki na dizeli iliyomwagika, hapo tembeza kabisa.

Wa pili ni mchanga mzito wa njia za kuingilia vijijini. Huu kanuni zake ni kinyume na anavyotaka mwili:

1. Teremsha upepo wa tairi mpaka psi 18 hadi 20 (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji). Tairi linatanuka linaelea badala ya kuzama. Usishuke zaidi kama una tyubu na mzigo, tyubu itazunguka ndani na kukatika kwenye valvu.
2. Simama juu ya vikanyagio, uzito urudi nyuma kidogo.
3. Gia ya pili, mafuta yasikatike. Ukifunga mafuta uzito unaenda mbele, tairi la mbele linazama, unapigwa chini.
4. Macho mbele mita 20 au 30, usiangalie tairi. Usukani utacheza kushoto na kulia, uache ucheze.
5. Kusimama, punguza mafuta taratibu, breki ya mbele usiiguse.

Ukikwama usiendelee kuvuta mafuta, tairi linachimba na klachi inaungua. Zima, shuka, ilaze pikipiki upande mmoja, jaza mchanga kwenye shimo, inyanyue na ukitembea pembeni yake itoe kwa gia ya kwanza.

Ukirudi kwenye lami jaza upepo kabla ya kufanya lolote. Tairi laini kwenye mwendo linapata joto na linatoka kwenye rimu.

Kuhusu kuendesha ufukweni penyewe, usifanye. Sehemu nyingi ni marufuku, kasa wanataga mchangani na mayai yanapondwa juu usione kitu, na ule mchanga mgumu wenye unyevu unaoonekana kama lami ndio unaokurushia maji ya chumvi kwenye kila beringi uliyonayo.

## Hatua ya 7: Maji yanayojaa na vivuko

Sehemu nyingi maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya saa 24 na dakika 50 hivi, kwahiyo kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Njia uliyopita kavu leo saa 4 kesho saa 4 inaweza isiwe ile ile. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapanda juu zaidi na yanaondoka mbali zaidi. Wenyeji wanajua, waulize wawili tofauti, na swali liwe "maji yanaanza kurudi saa ngapi", usiulize "naweza kupita?" maana hapo kila mtu atakuambia pita tu.

Maji ya chumvi yakizidi katikati ya tairi, geuza. Injini ikizimika ndani ya maji usipige stata wala kiki. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda hayabanwi, unapinda chuma cha pistoni. Isukume nje, toa plagi, geuza pikipiki iangalie chini kidogo, ndio upige kiki polepole maji yatoke kwenye tundu la plagi. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa imechanganyika na maji, badilisha kabla ya kuwasha.

Kwenye kivuko, kabla ya kushuka gatini iache pikipiki juu utembee kwa miguu. Maji yakiwa yamepwa lile sakafu la chini lina utelezi wa kijani, ukishalikanyaga kwa buti utajua upite wapi. Ndani ya chombo zima injini, weka gia ya kwanza, shusha stendi ya pembeni kwenye kile kipande cha plastiki, kisha chukua kamba ya mpira ukaze mkono wa breki ya mbele mpaka ubane kabisa, zungusha mara tatu. Pikipiki haisogei tena. Kaa nayo upande ambao ikianguka haikuangukii.

## Hatua ya 8: Kuingia mjini na kutafuta pa kulala

Ingia mwendo wa kutembea, vioo vya helmeti juu, uso uonekane. Msalimie mtu wa kwanza aliyekaa mahali penye watu, uliza pa kulala penye uwanja wenye ukuta. Mtu mmoja akishakujua, mji mdogo wote umekujua, na huo ndio ulinzi mkubwa kuliko kufuli.

Usimwambie kila mtu kesho unaelekea wapi na unatoka saa ngapi. Kwa wa nyumbani sema yote, njiani sema nusu.

Chumba kiwe cha chini, pikipiki ikae upande usioangalia bahari, ukuta ukinge upepo. Kufuli ya diski na mnyororo kwenye kitu kisichong'oka. Turubai la plastiki usifunike pikipiki yenye unyevu, unafungia chumvi na maji pamoja usiku kucha.

## Hatua ya 9: Kazi ya jioni

Hii ndio hatua inayoamua safari, na inachukua dakika 20 tu. Ifanye kabla ya kuoga na kabla ya kula, ukishaoga hutarudi.

Maji baridi safi, ya mtiririko mdogo. Subiri injini ipoe kiasi cha kuigusa. Mimina kwa ile chupa ya matundu kuanzia juu kwenda chini, kwenye rimu, spoki, chini ya tenki, nyuma ya injini, kalipa za breki (zile zinazobana padi kwenye diski), stendi. Usitumie mashine ya presha, inasukuma chumvi ndani ya beringi na viungio vya umeme. Hakikisha maji ni ya bomba au ya mvua, visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi, yaonje kwa ncha ya ulimi kwanza uteme.

Brashi ya meno pita kwenye vichwa vya spoki, boliti na springi ya stendi. Mwaga maji tena.

Futa kila kitu kwa tambara kavu, halafu washa injini dakika mbili tatu ikauke.

Cheni ndio roho ya jambo. Weka stendi ya kati, kama huna sogeza pikipiki mbele kidogo kidogo kwa mkono. Injini iwe IMEZIMA na gia iwe huru. Usiwashe ukaweka gia ili cheni ijizungushe, vidole vinakatwa kwa njia hiyo. Safisha kwa tambara lenye mafuta ya taa, petroli usitumie, inaharibu viraba vidogo vilivyo kati ya vyuma vya cheni. Futa ikauke. Halafu weka mafuta ya cheni upande wa ndani, ule unaogusa sproketi, kiungo kwa kiungo, mzunguko mmoja mzima. Subiri dakika 10, futa ya ziada. Cheni ikiwa imelowa mafuta inakusanya mchanga na mchanga ukichanganyika na mafuta unasaga chuma, kwahiyo iwe na mng'ao mdogo tu na ukigusa kidole kibaki na alama nyepesi.

Breki bonyeza mbele na nyuma mara kadhaa, sukuma pikipiki, isikilize. Ikikwaruza kuna mchanga, mwaga maji zaidi pale kwenye padi.

Nati za mzigo, vioo na bomba la moshi pitia kwa spana. Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi, sio jioni, tairi lenye joto linadanganya.

Asubuhi ukipitisha kidole kwenye rimu kisionje chumvi wala kisitoke na unga wa rangi ya chungwa, umefanikiwa. Ukiona doa la kutu ya jana, librashi na ulipake mafuta hapo hapo, likiachwa siku mbili linaingia ndani.

Siku nimechoka sana? Basi angalau maji na cheni. Mengine yanaweza kusubiri usiku mmoja, hayo mawili hapana.

## Hatua ya 10: Ukiharibikiwa na uko mwenyewe

Toa pikipiki barabarani, mbali na kona, weka kitu cha kuonekana nyuma yako hata jaketi lenye rangi kali juu ya kijiti. Kunywa maji, kaa dakika tano kivulini, halafu ndio ufungue begi la spana. Nati nyingi zinakatika kwa sababu ya hasira za dakika ya kwanza.

Ikigoma kuwaka fuata mpangilio huu: swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani, stendi ya pembeni, mafuta kwenye tenki, fyuzi, ncha za betri, kofia ya plagi, plagi yenyewe. Kwa pwani ncha za betri na kofia ya plagi zinahusika mara nyingi, chomoa, kausha, safisha, rudisha.

Ukianguka usinyanyuke haraka. Sogeza vidole vya mikono na miguu kwanza, halafu shingo taratibu. Namba 112 inafanya kazi kwenye mitandao ya simu ya nchi nyingi, ila hakikisha namba ya dharura ya huko unakokwenda kabla hujatoka, iandike kwenye karatasi ukaibandike ndani ya helmeti pamoja na kundi lako la damu na namba ya mtu wa nyumbani.

Ukifika salama ile saa uliyoahidi, tuma ujumbe hata kama ni neno moja.

## Hatua ya 11: Ukirudi

Usiipaki tu. Toa kiti, toa vifuniko vya pembeni, osha yote kwa maji mengi safi na sabuni laini, kausha juani. Toa tairi zote mbili, safisha ekseli, weka grisi mpya. Fungua kalipa, safisha pini zake, weka grisi yake maalum ya breki. Badilisha oili na usafishe au ubadilishe chujio la hewa, fungua uone mchanga uliomo, ndio utajua injini ilikuwa inavuta nini. Baada ya wiki mbili irudie pikipiki na tochi, mulika vichwa vya spoki na viungio vya nyaya chini ya tenki, kutu ya pwani inapenda kuchelewa kujitokeza na hapo ndipo inapoanzia.